Minyororo ya mbao ya ekskaveta kutoka karakana ya Ndeeba

Mwezi wa Februari mwaka huu nilinunua ekskaveta (mashine ya kuchimbia) ya mbao katika karakana ndogo ya maseremala iliyoko Ndeeba, Kampala, upande wa barabara ya Masaka. Imetengenezwa kwa mfano wa mashine ya tani 20, na kila kipimo chake kimepunguzwa mara 16. Nililipa shilingi 260,000. Sikuinunua kwa ajili ya kuipamba sebuleni. Mimi ni fundi wa mitambo ya ujenzi wa barabara, nina vijana wanaojifunza kazi kwangu Bombo, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitafuta kifaa cha mezani ambacho kingewawezesha kuelewa mnyororo wa mashine kabla hawajalala chini ya mashine yenyewe. Karakana hii haina kibao mlangoni, nami sitaitaja jina, kwa sababu nitaeleza kasoro zake sambamba na sifa zake.

Naandika zaidi juu ya minyororo kwa makusudi. Mkono wa kuchimbia, kijiko na kibanda cha dereva ni kazi ambayo seremala yeyote mwenye subira anaweza kuimudu. Mnyororo ndio unaotenganisha sanamu ya mashine na mfano wa mashine. Mifano mingi niliyoiona madukani mjini, iwe ya plastiki au ya chuma chepesi, imefungwa mkanda wa mpira uliochorwa mistari ili ufanane na mnyororo. Mkanda huo huzunguka, lakini haumfundishi mtu chochote, kwa kuwa hauna pini, hauna pingili wala hauna nafasi inayoweza kupimwa. Karakana ya Ndeeba iliahidi mnyororo wenye pingili halisi, kila moja ikiwa imeshikwa na mwenzake kwa pini, na ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue mfuko.

Mashine ya kweli ya ukubwa huo huwa na viatu, yaani vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi, 45 au 49 kila upande, kutegemea urefu wa fremu, na kutoka pini moja hadi nyingine kuna milimita 190. Ukizigawanya kwa 16 unapata karibu milimita 12. Upana wa kiatu wa milimita 600 unakuwa kama 38. Nilipofika nyumbani nilipima kwa kalipa, nikakuta seremala ameheshimu vipimo hivyo vyote: viatu 45 kila upande, milimita 38 kwa upana, milimita 12 kutoka pini hadi pini. Nilifurahi sana, na furaha hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu mnyororo wa pingili 45 hausamehi. Kila pingili ikizidi kwa sehemu mbili za kumi za milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, mnyororo mzima unarefuka kwa milimita 9, yaani robo tatu za pingili. Zaidi ya hapo, makosa hayo yakitofautiana kutoka pingili moja hadi nyingine, meno ya gurudumu la nyuma hayazikuti pini mahali yanapozitarajia, na mnyororo unaanza kupanda juu ya meno badala ya kukaa baina yake.

Kwa wiki za mwanzo ekskaveta ilitembea vizuri juu ya meza. Tuliisukuma kwa mkono, nami niliwaonyesha vijana jinsi pingili iliyo chini inavyotulia ardhini bila kusogea huku mashine ikipita juu yake, jambo ambalo kijana anayeona mnyororo kwa mara ya kwanza huwa halikubali mpaka alishuhudie kwa macho. Mvua za Machi zikaingia. Kufikia katikati ya Aprili mnyororo wa kushoto ulikuwa umelegea hata ukawa unaburuzika juu ya fremu, vidole vitatu vya pingili, yaani ncha fupi zinazoshikwa na pini, vilikuwa vimepasuka kwenye matundu ya pini, na kila tulipoisukuma mbele tuliusikia ukiruka jino.

Sababu sikuipata siku ile ile, ila nilipoipata niliona kwamba kosa halikuwa la uvivu. Seremala alikuwa amechukua ubao mrefu wa mti wa musizi, akauchimba mifereji, akatoboa, kisha akaukata pingili moja baada ya nyingine kama mtu anavyokata mkate. Njia hiyo ni ya haraka na hutoa vipande vinavyofanana, lakini kwa namna alivyoulaza ubao wake, nyuzi za mti zilipita kwenye upana wa kiatu, sambamba na pini, wakati mnyororo unapovutwa huvutwa kwa upande mwingine, kutoka pini hadi pini. Mti ni hodari ukivutwa kwa kufuata nyuzi zake, na ni dhaifu ukivutwa ili nyuzi ziachane. Vidole vile vifupi vilikuwa vikiachanishwa kila mara mnyororo ulipokazwa. Kadhalika, mti hunywa unyevu na kuvimba kwa kukatiza nyuzi, wala hauongezeki kwa kiasi cha maana kwa kufuata urefu wa nyuzi. Kwa hiyo unyevu wa masika uliingia moja kwa moja katika kipimo kile cha milimita 12. Mnyororo wa milimita 540 ukivimba kwa asilimia moja tu unaongezeka zaidi ya milimita 5, nao huo ndio ulegevu niliouona.

Nilirudi Ndeeba nikiwa na mnyororo ndani ya mfuko wa karatasi. Hapa ndipo huduma ya karakana hii iliponigusa. Mwenye karakana ni kijana ambaye umri wake unaweza kuwa wa mwanangu wa pili. Alinikaribisha kwa kigoda, akaumwaga mnyororo juu ya meza yake ya kazi, akauangalia kimya kwa muda, kisha akasema, "Mzee, hapa nimekosea mimi. Nionyeshe huo wa chuma unavyoshikana." Nilimchorea kwa penseli juu ya kipande cha plaiwudi. Nilimweleza kwamba katika mashine ya kweli kiatu hakivuti chochote; kiatu hukanyaga tu. Kinachovuta ni viungo vya chuma vilivyo chini yake, vilivyoungwa kwa pini na bushi (bomba fupi linalovikwa pini), na kiatu hufungwa juu yake kwa boliti nne. Kazi mbili, vipande viwili. Aliitikia, "Basi na mbao nazo zigawane kazi," na kuanzia hapo sikuwa na jambo la kumfundisha.

Minyororo ya pili aliijenga kwa mvule, kwa kutumia masalio ya watengeneza milango walio jirani naye. Kila pingili sasa ina vipande viwili vyembamba vya urefu wa milimita 20, vyenye ncha za mviringo na matundu mawili, ambavyo nyuzi zake zinaelekea upande mnyororo unakovutwa. Juu yake amegundisha kiatu ambacho nyuzi zake zimekatiza, zikifuata upana wa milimita 38, ili kisivunjike katikati kikikanyaga jiwe. Ni akili ile ile ya plaiwudi, tabaka moja huku na jingine kule, isipokuwa hapa kila tabaka lina kazi yake. Mvule wenyewe una nyuzi zinazopishana, jambo ambalo huwaudhi maseremala wakati wa kupiga randa kwa sababu uso hunyofoka, lakini kwa kipande kidogo chenye tundu karibu na ncha, kupishana huko ni msaada, maana ufa haupati njia iliyonyooka ya kukimbilia.

Vipande hivyo viwili havikupindwa kama viungo vya chuma vya kweli, ambavyo upande mmoja huwa mwembamba na mwingine mpana ili kila kiungo kiingie ndani ya mwenzake. Seremala alichagua njia ya mnyororo wa baiskeli: pingili moja vipande vyake vimekaa ndani, inayofuata vimekaa nje, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Njia hii ina sharti moja lisiloepukika, kwamba idadi ya pingili iwe shufwa, kwa kuwa witiri ingekutanisha ndani na ndani mahali pa kufungia. Hivyo 45 zikawa 46, mnyororo ukafikia milimita 552, na gurudumu la mbele likalazimika kusogezwa mbele milimita 6. Mpimaji mkali atasema huo si uaminifu kwa mashine ya asili. Mimi nimeukubali, kwa sababu kupinda kipande cha mti cha unene wa milimita 4 bila kukikata nyuzi zake ni kurudi kwenye ugonjwa ule ule tuliokuwa tukiutibu.

Kazi iliyonishangaza zaidi ni ya utoboaji. Minyororo miwili inahitaji vipande 184, na kila kimoja matundu mawili, yaani matundu 368 ya milimita 2. Seremala ametengeneza kigezo kidogo cha mti mgumu na kukifunga chini ya drili yake ya kusimama. Hutoboa tundu la kwanza, hulivika kwenye msumari mwembamba uliosimama milimita 12 kutoka kwenye ncha ya drili, kisha hutoboa la pili. Hapimi tena. Msumari ndio unaopima, na kama umekosea kwa kiasi fulani, umekosea kwa kiasi kile kile kwenye vipande vyote 184. Kosa linalofanana halina madhara makubwa katika mnyororo. Linamezwa kwa kusogeza gurudumu la mbele kidogo. Kosa linalotofautiana ndilo linaloua. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimtazama, na nilitamani baadhi ya mafundi wa chuma niliofanya nao kazi wangekuwa na nidhamu ile.

Pini za mwanzo zilikuwa vijiti vya mishikaki vilivyopakwa gundi ncha zake. Ni wazo zuri kwa bei yake, lakini vijiti hivyo si vya mviringo kamili wala havilingani unene, na vikilowa huvimba ndani ya tundu hata pingili ikakataa kujikunja. Pini za sasa ni spoku za baiskeli zilizokatwa kwa milimita 36, ncha zake zikiwa zimesuguliwa kwa tupa na kufunikwa na vipande vya nje vya pingili ili zisichomoke. Spoku ina unene wa milimita 2, imenyooka, na inapatikana kwa kila fundi wa baiskeli kwa bei ndogo. Pini moja katika kila mnyororo imeachwa ndefu kidogo na kupakwa rangi nyekundu; hiyo ndiyo ya kufungulia, kama ilivyo katika mashine kubwa ambako ipo pini moja maalumu ya kufungia na kufungulia. Sikumwomba aiweke. Aliiuliza mwenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba mnyororo wa mbao ni mchezo wa watoto tu, kwa hiyo inafaa niseme kwamba mnyororo uliozaa mashine zetu ulianza na mbao. Tarehe 24 Novemba 1904, karibu na Stockton, California, Benjamin Holt aliondoa magurudumu ya nyuma ya trekta lake la mvuke na kuweka mahali pake minyororo iliyofungiwa vipande vya mbao, kwa sababu udongo laini wa bonde lile ulikuwa ukimeza magurudumu hata yalipopanuliwa mno. Jina la Caterpillar lilisajiliwa mwaka 1910, na kampuni yenye jina hilo iliundwa mwaka 1925, Holt alipokuwa amekwisha kufariki, kwa kuunganisha kampuni yake na ile ya C. L. Best. Ndiyo maana huku kwetu mashine ya minyororo huitwa katapila hata ikiwa imetoka Japani au China. Kwa nchi yenye vinamasi kama Uganda, faida aliyoiona Holt haihitaji maelezo marefu: mashine ya tani 20 ikilala juu ya minyororo miwili yenye upana wa milimita 600, kila sentimita ya mraba ya ardhi hubeba kama nusu kilo tu. Nimewaonyesha vijana hesabu hiyo kwa kutumia ekskaveta hii ya mbao na trei ya mchanga uliolowa, na alama za viatu zilizobaki mchangani ziliwaeleza zaidi ya maneno yangu.

Majaribio ya minyororo ya pili niliyafanya kuanzia mwisho wa Mei. Niliisukuma ekskaveta juu ya ubao ulioinuliwa upande mmoja, juu ya mchanga mkavu na mchanga wa maji, na nikawaacha wanafunzi wanne waitumie kila siku ya kazi kwa miezi miwili bila kuwakataza lolote. Hakuna kipande hata kimoja kilichopasuka. Kiatu kimoja kilibanduka gundi na nikakirudisha mwenyewe. Mnyororo umerefuka kwa milimita 3 hivi, na hapo ndipo lilipo somo ambalo ningelipia hata mara mbili ya bei: vijana waliposema kwamba mbao "zimevutika", tulichomoa pini na kukuta kwamba mbao hazikuvutika hata kidogo, matundu ndiyo yaliyolika, kila moja kiasi kidogo sana, na kiasi hicho kikazidishwa kwa 46. Katika mnyororo wa chuma ni vivyo hivyo. Chuma hakirefuki, pini na bushi ndizo zinazolika, na anayeelewa hivyo ataelewa kwa nini tunazizungusha nusu mzunguko kabla ya kununua mpya. Ulegevu wenyewe tuliuondoa kwa skrubu inayolisukuma gurudumu la mbele, ambalo katika mashine kubwa husukumwa kwa grisi. Nawasihi wanunuzi wasitie grisi wala mafuta kwenye mnyororo wa mbao, kwa sababu hushika mchanga na kugeuka msasa. Nta ya nyuki iliyosuguliwa juu ya pini inatosha.

Kasoro zilizobaki zipo. Gurudumu la meno la nyuma limekatwa kwa plaiwudi, na meno yake 11 yameanza kumenyuka tabaka. Lilistahili kutengenezwa kwa mti mgumu au kwa plaiwudi ya tabaka nyingi nyembamba. Rola za chini, yaani vigurudumu vidogo vinavyopita juu ya mnyororo, hazizunguki, zimegundishwa tu kwenye fremu, kwa hiyo pingili hukwaruza juu yake na kuacha unga mweusi, na kwa mfano wa kufundishia hili ni pungufu kubwa kuliko linavyoonekana. Viatu vilipakwa vanishi hadi chini, ambako vingepaswa kuachwa vikavu ili vishike ardhi. Muda nao haukuheshimiwa: niliahidiwa wiki mbili, nikasubiri tano, na mara mbili nilipanda teksi kutoka Bombo na kurudi mikono mitupu, ilhali simu moja ingetosha kuniokolea nauli. Isitoshe, nilisikitika kuona wasaidizi wake wakikata mvule bila barakoa. Vumbi la mti huo huwasha pua, macho na ngozi, na wengine huwaletea pumu. Nilimwambia hivyo kwa upole kama mzazi, naye alipokea.

Kuhusu gharama, kazi ya minyororo ya pili sikutozwa. Nililipa shilingi 30,000 za mbao na spoku, kiasi ambacho nilikiona cha haki kwa kuwa mti ulibadilishwa kwa ubora. Sehemu nyingine za ekskaveta zinaridhisha: mkono unakunjika mahali panapostahili, kibanda kinazunguka bila kuyumba, kijiko ni kizito kidogo kuliko inavyofaa. Ukiondoa minyororo, ningesema shilingi 260,000 ni nyingi. Ukiihesabu minyororo, na hasa ile ya mvule, sioni mahali pengine Kampala ambapo ningepata kitu cha namna hii kilichotengenezwa na mtu anayeweza kukikarabati akiwa mbele yangu.

Anayekwenda kununua aombe minyororo ya mvule yenye vipande viwili, kwa maana ile ya musizi bado ipo rafuni na ndiyo inayong'aa zaidi. Kabla ya kulipa, aushike mnyororo kwa pingili moja na kuuacha uning'inie: ukishuka wima na kila pingili ikajikunja kwa uzito wake wenyewe, matundu yamenyooka. Kisha aulaze mezani kwa ubavu na kuukunja upande wa kushoto na kulia. Ukipinda kidogo sana ni sawa. Ukipinda kama upinde, pini zina nafasi kubwa mno na utatoka kwenye magurudumu kwenye kona ya kwanza. Achunguze pia nyuzi za vipande vya ndani kwa kuvielekeza kwenye mwanga, kwa sababu nyuzi zikikatiza njia ya mvuto hakuna gundi wala vanishi itakayovinusuru.

Mimi nimekwisha kuagiza buldoza. Viatu vyake vitakuwa na ukingo mmoja mrefu badala ya kingo tatu fupi za ekskaveta, kwa kuwa buldoza kazi yake ni kusukuma na inahitaji kuuma ardhi. Nimelipa nusu ya bei, rola zitazunguka, gurudumu la meno litakatwa kwa mti mgumu, na upande wa chini wa viatu hautaguswa na vanishi. Kijana ameniambia nije baada ya wiki nne. Nimeandika sita katika daftari langu.